Kompyuta Kuukuu Isitupwe Kabla Haijafundisha

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha matunzo ya kawaida ya Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, huhitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, na prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2017 hazimo katika orodha yake. Kwa hiyo mashine nyingi ambazo hazina ugonjwa wowote zimehesabiwa kuwa zimekufa. Miongoni mwazo zimo zile kompyuta kubwa za mezani, ziitwazo wekstesheni, zilizotengenezwa kwa ajili ya wahandisi, wasanifu wa majengo na wachoraji wa ramani. Ofisi zinapozitoa ili kuweka mpya, shule za sekondari, za Kinondoni na Temeke zikiwamo, hukabiliwa na swali moja: je, zipokelewe au zikataliwe?

Jibu lifaalo ni kwamba zipokelewe chache, kwa masharti, na zitumike kama vyombo vya maabara. Anayezipokea kama sadaka ya kujaza chumba hujitafutia mzigo. Anayezipokea ili wanafunzi wazifungue, wazichunguze na kuzifufua hupata somo la sayansi ambalo ni nadra kupatikana kwa gharama ndogo kama hiyo.

Njia ya kuzifufua ipo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuandika kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu kuu inayoziamuru prosesa, kumbukumbu na diski zifanye kazi pamoja. Kiini hicho ndicho Linux. Kwa kuwa leseni yake humruhusu kila mtu kuisoma, kuibadili na kuigawa, wengine wamekiunganisha na programu nyingine na kutoa mifumo kamili, kama vile Debian na Ubuntu. Jina Ubuntu si geni kwa msomaji wa Kiswahili, kwani ni ndugu wa neno letu utu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba Linux huponya kila kitu. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haitoi tena kiini wala kisakinishi kwa kompyuta za PC za biti 32. Hivyo jambo la kwanza la kuuliza kabla ya kupokea mashine ni kama prosesa yake ni ya biti 64.

Baada ya hapo huja hitilafu, na hapa ndipo thamani ya somo ilipo. Uchukuliwe mfano wa kompyuta iliyokaa stoo miaka kadhaa. Linux imewekwa vizuri, waya wa mtandao umechomekwa, lakini kila tovuti inakataa kufunguka. Mwenye haraka atasema mtandao umekufa. Mwenye subira atatazama saa ya mashine na kuona inasoma tarehe ya miaka mingi iliyopita. Hati za usalama za tovuti huwa na tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kwa saa hiyo iliyorudi nyuma, hati za leo zinaonekana hazijaanza kutumika, ndiyo maana zinakataliwa. Chanzo chake ni betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, iliyokwisha nguvu. Dalili ilikuwa kwenye mtandao, lakini ugonjwa ulikuwa kwenye betri. Ni kama homa: si kila homa ni malaria, na asiyepima hutibu asichokijua.

Mfano wa pili ni kioo kuwa cheusi mara baada ya mfumo kuwashwa. Mwanafunzi akiongeza neno nomodeset katika maagizo ya kuwashia, kiini huacha kubadilisha hali ya picha kwa programu ya kadi ya michoro. Ikiwa picha itaonekana, basi kioo, waya na diski vimeondolewa katika orodha ya washukiwa, na uchunguzi unaelekezwa kwenye programu ya kadi hiyo. Kumbukumbu nazo hupimwa vivyo hivyo: hutolewa moja, mashine ikajaribiwa, kisha nyingine. Kanuni ni ileile ya maabara ya fizikia na kemia: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha andika matokeo.

Wapinzani wa rai hii wana hoja mbili nzito. Hoja ya kwanza ni umeme. Tuseme wekstesheni moja hutumia wati 150. Mashine 20 zikiwaka saa 4 kwa siku zitakula uniti 12. Kompyuta ndogo 20 za wati 30 zitakula uniti 2.4 tu. Kwa siku 20 za masomo, tofauti ni uniti 192. Shule isiyofanya hesabu hii itakuwa imepokea zawadi inayodai malipo kila mwezi. Kwa sababu hiyo mashine hizi zisijaze chumba. Zitoshe mbili au tatu za kujifunzia ufundi, na moja iliyo imara iwe mama wa nyingine: ihifadhi Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix, ili isomwe darasani hata mahali pasipo na intaneti.

Hoja ya pili ni kwamba shule zitageuzwa jalala la vyombo vya elektroniki. Hofu hiyo ni ya haki, maana ndani ya vyombo hivyo mna risasi na sumu nyingine. Basi mashine isiyowaka isivuke lango la shule, na mtoaji akubali kwa maandishi kuichukua itakapokufa. Aidha, wanafunzi wafundishwe kuchomoa waya wa umeme kabla ya kufungua, na wasifungue kamwe kisanduku cha kugeuzia umeme, kwani huweza kuhifadhi chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa.

Historia ya nchi inaunga mkono tahadhari, lakini haiungi mkono woga. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu, baada ya jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine hizo kwenda mrama. Baadaye katazo hilo lililegezwa. Funzo lake ni kwamba chombo kikitangulia na ujuzi ukachelewa, chombo humtawala mwenyewe.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2004. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani ambako wakati huo kulikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni, walishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Leseni huria ndiyo iliyowawezesha kuitafsiri bila kuomba ruhusa ya mwenye mali.

Kazi hiyo inaweza kuendelezwa na kidato chochote. Kila shule inayopokea mashine kuukuu ifungue daftari la hitilafu, liandikwe kwa Kiswahili fasaha: dalili, dhana, jaribio, matokeo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali. Mashine hizi zitakufa kweli baada ya miaka michache, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini daftari litabaki, pamoja na vijana waliokwisha kuzoea kuuliza kwa nini kabla ya kusema imeharibika.