Karabai ya Ziwani Haiuzwi kwa Kilo

Usiku usio na mbalamwezi, taa zinazoelea ziwani kuvuta omena, kutoka Dunga hadi Mbita, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Karabai za mafuta ya taa zilizofanya kazi hiyo miaka mingi zimebaki stoo, chini ya nyavu kuukuu. Kisha anakuja mnunuzi wa skrapu na mzani wake. Maoni yangu ni haya: mwambie asubiri. Anayekusanya vitu vya kale halipii uzito.

Lakini tuseme ukweli, si kila karabai kuukuu ni mali. Ukiambiwa ati ni antiki ya Mjerumani kwa sababu imeandikwa Petromax, usikubali haraka. Taa hizo zilianzia Berlin, kwenye kiwanda cha Ehrich & Graetz, ila jina hilo bado linawekwa kwenye taa mpya zinazouzwa leo. Anchor nayo ni ya China, iliyofuata muundo uleule, kwa hiyo vipuri vingi huingiliana. Fundi wa ufuoni alifunga kilichopatikana. Ndiyo maana unaweza kukuta tangi la Mjerumani na kichwa cha Mchina. Itawaka vizuri tu, lakini usiilipie bei ya taa kamili.

Soma mhuri kwenye tangi. Weka sumaku hapo kwa tangi, si kwa mkono wa kubebea: shaba ya manjano haishiki sumaku, chuma kilichopakwa rangi kinashika. Kama tangi limepakwa nikeli nyeupe, tafuta mahali palipochubuka, umanjano utaonekana. Halafu piga pampu bila kuwasha, upake maji ya sabuni kwenye maungio. Yakitoa mapovu, hilo ni pambo la mezani, hata muuzaji aapeje. Na wewe mwenye taa, tafadhali weka msasa chini! Ukiing'arisha hivyo unafuta mhuri ambao mnunuzi alikuja kuutafuta.

Kuhusu bei, kila mtu anaweza kutangaza elfu anazotaka. Uliza taa kama hiyo iliuzwa kwa ngapi, si inaulizwa ngapi.

Hapa ndipo simu inaingia. Video ya taa inayowaka haionyeshi mhuri wala mapovu, kwa hiyo sioni sababu ya kutuma pesa ya kushikilia kwa mtu hujakutana naye. Ikishatumwa na kutolewa kwa wakala, kuirudisha ni shida. Kutaneni mchana mahali pa watu, kama soko la Kibuye, kagua, kisha ulipe papo hapo, ukisoma jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha malipo. Muuzaji naye asitosheke na ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Aangalie salio lake mwenyewe kwanza, ndipo aachilie karabai.