Kabla ya kuinua gari, tuulize limeshuka wapi

Asubuhi yoyote ya juma, mtu akikatiza kutoka Umoja hadi vibanda vya gereji vya Kariobangi, atalisikia neno moja likirudiwa kila baada ya hatua chache: kuinua. Mwenye Landrova anataka iinuliwe. Mwenye Suzuki kuukuu anataka iinuliwe. Kijana aliyenunua Land Cruiser iliyoundwa kabla yeye hajazaliwa naye anataka iinuliwe, tena kwa bei nafuu na kabla ya Jumamosi. Fundi haulizi mengi. Hupima kwa macho, hutaja bei, na kazi ikaanza.

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si makanika. Kazi yangu ni kuyachunguza maneno, na tajriba imenifunza kwamba neno linalotamkwa na wengi bila ya kufafanuliwa aghalabu huishia kuwagharimu. Neno hili nusura linigharimu zaidi ya pesa, ndiyo maana nimeona heri niliandikie.

Nilirithi kwa marehemu baba Landrova ya Series III, ile yenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma. Baba aliinunua katika mnada wa magari makuukuu ya serikali. Tangu siku hiyo, mtaani kwetu Komarock imekuwa gari la kila mtu: imebeba wagonjwa usiku wa manane, imebeba majeneza, na kila Jumapili humpeleka mama kanisani. Kuiuza nisingeweza, na kununua jingine la aina hiyo si jambo rahisi. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka minane. Kwa hivyo mwenye mfuko mwembamba anayehitaji gari la kuhimili mashimo hana budi kutunza kuukuu lililokwisha kuwapo humu nchini.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, njia za ndani za mtaa wetu zilichimbika kiasi cha kutisha. Mpwa wangu akanijia na ushauri. “Mjomba,” alisema, “gari hili limekuwa fupi mno. Tuliinue inchi nne, matuta na mashimo yatakuwa hadithi.” Nilikuwa na Sh60,000 nilizojiwekea kwa ajili ya matengenezo ya mwaka mzima. Tukapata gereji iliyokubali kuifanya kazi hiyo kwa pesa zisizofikia hata nusu ya hizo. Mbele walifunga vishikizo virefu vya springi, vile vinavyobembea. Nyuma wakaweka vipande vya chuma baina ya springi na ekseli. Jioni hiyo mpwa wangu alilipiga gari picha, nami nikalipa kwa moyo mkunjufu.

Wiki ya pili, nikiwa katika Outer Ring Road pamoja na mama na majirani wawili, usukani ulianza kutetemeka. Nilipovuka tuta, gurudumu la mbele lilishuka kuliko lilivyozoea kushuka, mpira wa breki ukavutika hadi ukapasuka, na kanyagio likazama chini pasipo kuleta jibu lolote. Tulisimama kwa msaada wa gia, ukingo wa barabara na rehema za Mungu. Hakuna aliyeumia. Lakini mama hakusema neno hata tulipofika nyumbani, na kimya chake kilinisuta kuliko lawama.

Nililipeleka gari kwa fundi mwingine, mzee aliyezifahamu Landrova tangu ujanani mwake. Alilala chini yake kwa muda mrefu, akatoka akifuta mikono, akaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe tangu mwanzo: “Mwalimu, unataka gari liwe juu, au unataka lisigonge?”

Ndugu msomaji, hayo ni mambo mawili tofauti, na neno kuinua limeyafunika kama kwamba ni moja. Katika gari lenye ekseli nzima isiyokatika, sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi kwa kawaida ni kichwa cha difu, na difu imo ndani ya ekseli yenyewe. Springi hukaa baina ya ekseli na chasisi. Hata ukiirefusha springi kwa nusu mita, chasisi itapanda, lakini difu itabaki pale pale ilipokuwa, na jiwe lililokuwa likiigonga jana litaigonga na leo. Kinachoiinua difu ni gurudumu peke yake, nalo halitoi ila nusu ya kile linachoongezewa: ukiongeza kipenyo cha gurudumu kwa sentimita 6, difu hupanda kwa sentimita 3.

Sisemi kwamba kuinua chasisi hakuna faida. Pua na mkia wa gari huacha kukwaruza linapoingia katika mtaro na kutoka, bomba la moshi husalimika, na magurudumu makubwa zaidi hupata nafasi ya kuzunguka bila ya kugusa mabati. Faida hizo ni za kweli. Hata hivyo, mtu anapaswa kujua kuwa ndizo anazozinunua, na ajue bei yake.

Bei ya kwanza ni uthabiti. Tuseme, kwa mfano, kwamba umbali baina ya gurudumu la kushoto na la kulia ni sentimita 130, na kitovu cha uzito wa gari kiko sentimita 70 kutoka ardhini. Ukigawanya nusu ya upana huo, yaani 65, kwa 70, unapata 0.93. Kitovu kikipanda hadi sentimita 78, hesabu inashuka hadi 0.83. Gari limepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kukataa kupinduka, na bado hatujapakia mizigo ya kereya juu ya paa. Wahenga walipotuambia kwamba mpanda ngazi hushuka hawakuwa wakifikiria Landrova, lakini usemi wao unalihusu.

Bei ya pili hulipwa na viungo vingine. Kishikizo kilichorefushwa huigeuza ekseli pembe yake. Katika Landrova yangu, pua ya difu ya mbele ilikuwa imeinamia chini, propela ikafanya kazi kwa pembe kali, na krosi zake zikaanza kuliwa. Usukani nao hutegemea pembe hiyo hiyo ya ekseli. Shokapu za urefu wa zamani huvutika hadi mwisho kila gurudumu linaposhuka, zikawa ndizo zinazolizuia, kazi ambayo hazikuundiwa. Mipira ya breki ni hadithi niliyokwisha kuisimulia. Ama vile vipande vya chuma, huenda mtu akavivumilia katika ekseli ya nyuma vikifungwa vizuri na bolti mpya za urefu unaofaa. Lakini kuvirundika viwili vitatu, au kuviweka katika ekseli ya mbele inayobeba usukani na kupokea nguvu kubwa ya breki, ni kucheza na roho za watu.

Basi mwenye pesa kidogo afanyeje? Yule mzee alinifundisha utaratibu ambao nauona kuwa wa busara, nao huanza na futi ya kupimia, kabla ya spana. Aliliegesha gari mahali sawa, akapima umbali kutoka ekseli hadi chasisi katika pembe zote nne. Tukagundua kwamba gari halikuwa fupi kwa maumbile, lilikuwa limeshuka. Springi zilikuwa zimechoka kwa miaka mingi, kutu imeingia baina ya vyuma, bushi zimekwisha, na upande wa dereva ulikuwa chini kuliko wa pili. Waliozibadilisha zamani walikuwa wameziweka kombo. Springi za Landrova hizi hazilingani: ile ya upande wa dereva iliundwa na upindo mkubwa zaidi, kwa kuwa huko ndiko uzito uliko. Fundi asiyelijua hilo hufunga yoyote aliyoipata, halafu mwenye gari hushangaa kwa nini gari lake linatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Kwa hivyo, shilingi ya kwanza iende katika kurejesha: springi za vipimo vilivyowekwa na mwenye kuliunda gari, bushi mpya, na bolti mpya za kuzifunga springi. Mwenye kushawishika kupeleka springi kuukuu zikapindwe upya kwa moto na afikiri mara mbili. Chuma cha springi hupewa ugumu wake kwa kupashwa joto na kupozwa kwa vipimo maalumu. Kikitiwa motoni kiholela hupoteza ugumu huo, na baada ya miezi michache kitashuka tena au kitavunjika. Shilingi ya pili iende katika shokapu za urefu unaolingana na springi. Ya tatu iende katika magurudumu ya kipimo ambacho gari linaweza kubeba bila ya kusaga mabati wala kuilemea gia. Baada ya hayo yote, ikiwa bado mtu anataka kupanda, sentimita 5 zinawatosha wengi wanaoishi mitaani, tena kwa springi zilizoundwa hivyo, pamoja na mipira mirefu ya breki. Anayetaka kuzidi hapo ajue kwamba haongezi tena. Anaunda gari jingine, na bajeti yake iwe ya gari jingine. Na asisahau kwamba huenda kampuni yake ya bima ikadai kuarifiwa kuhusu mabadiliko kama hayo.

Najua vijana watanijibu kwa picha za Rhino Charge, mashindano yanayofanyika nchini tangu 1989, ambamo magari marefu hupanda majabali. Nami nayapenda. Lakini magari yale yamejengewa vizimba vya chuma, madereva wake hufungwa mikanda na kuvaa kofia ngumu, na hawabebi kina mama wakongwe kwenda kanisani. Gari la mtaani lina wajibu mwingine. Inchi nne zile zilipokuwa zimewekwa, mama alilazimika kusukumwa kiunoni ili apande, na magoti yake hayamruhusu. Gari ambalo mwenye kulihitaji zaidi hawezi kuliingia limeinuliwa kwa faida ya nani?

Yapo mambo mawili makubwa zaidi ya Landrova yangu. La kwanza ni kwamba tunayainua magari kwa sababu barabara zetu zimeshuka. Barabara Kuu ya Nairobi inayotoka Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa 2022, na Outer Ring yenyewe ilipanuliwa kabla ya hapo. Ni kazi nzuri. Lakini mkazi wa Kayole au Dandora huanza safari yake mlangoni pake, katika kijia kisicho na mtaro wa maji, chenye matuta yaliyojengwa na wenyeji wenyewe bila ya kipimo. Serikali ya Kaunti haina budi kuiona njia hiyo kuwa barabara. Vinginevyo kila familia itaendelea kulipa kodi ya pili kwa fundi.

La pili linaihusu taaluma yangu. Maarifa ya yule mzee yamo kichwani mwake na katika msamiati wake: springi, shokapu, bushi, krosi, difu. Mwenzake wa Tanzania atasema shokomzoba, na wataelewana. Lakini vitabu vya matengenezo vimeandikwa kwa Kiingereza, na kazi nyingi hufanywa kwa maagano ya mdomo. Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi hii pamoja na kuwa lugha ya taifa. Sisi wa vyuo vikuu tumeunda istilahi za fonolojia hadi zikatushinda kuzitumia, na tukamwachia fundi wa Kariobangi ajitafutie yake. Hatukumtendea haki, wala hatukujitendea haki sisi tunaopanda magari anayoyatengeneza.

Napendekeza jambo dogo lisilohitaji bunge. Kila gereji iwe na karatasi moja ya Kiswahili sahili, inayosema gari limepimwa sentimita ngapi kabla ya kazi na ngapi baada yake, nini kimebadilishwa, na kama breki, usukani na propela vimekaguliwa. Mwenye gari na fundi waitie sahihi. Mitihani ya ufundi inayosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, imewapa mafundi wengi wa jua kali vyeti vya kazi walizojifunzia vibandani. Mafunzo hayo na yatumie karatasi kama hiyo. Nasi walimu wa lugha tuwe tayari kukaa vibandani tuyaandike maneno kama yanavyosemwa.

Landrova yangu leo iko juu kwa sentimita 4 kuliko ilivyokuwa kabla ya vituko hivi. Yule mzee huniambia kila nikipita kwamba hakuniinulia gari hata kidogo; alilirudisha tu pale lilipotoka. Mama hupanda mwenyewe, akishika mlango kwa mkono mmoja. Rahisi, waliambizana wa kale, huvunja upishi. Kwangu mimi ilibaki kidogo ivunje zaidi ya upishi.