Hirizi za Tutankhamun na Wezi Wenye Vyeo
Novemba 1925, huko Misri, Howard Carter na daktari Douglas Derry waliifungua sanda ya Tutankhamun. Walikuta humo vitu 143, zikiwamo hirizi nyingi, kila moja imewekwa mahali pake pa kumlinda maiti. Wakazitoa. Na kwa kuwa mwili ulikuwa umegandamana na jeneza, wakaukata: kichwa mbali, mikono mbali. Tumefundishwa kuuita huo utafiti!

Enzi za Ramesses wa Tisa, waliovunja makaburi ya Thebes wakitafuta dhahabu walikamatwa na kuhojiwa. Kumbukumbu za uchunguzi huo zimehifadhiwa London (zilifikaje huko, ni kesi nyingine). Carter nani alimhoji? Mwili ungali kaburini Luxor. Hirizi zake hutazamwa Giza, kwa kiingilio.