Gunia la sukuma si hasla, tuliache litulishe

Ukimwambia msee siku hizi kwamba umepanda mboga kwenye gunia hapo kejani, hakuulizi kama zimeshika. Anauliza unauza ngapi. Kijana wa Nairobi hawezi kufuga hata paka bila kuulizwa atatoa pesa vipi hapo. Ndiyo maana wengi wetu huanza bustani Aprili kwa fujo, picha kila siku, halafu kufikia Agosti gunia limekuwa la kukalia.

Tabia hii ina historia. Mwaka 2013 kila mtu alikuwa anafuga kware kwa sababu mayai yalikuwa na bei ya ajabu. Mwaka uliofuata soko likaporomoka, watu wakabaki na ndege. Yakaja matikitimaji ya wakulima wa simu: shamba liko mbali, mwenyewe yuko Kayole, na hesabu ya faida imeandikwa kwenye kikaratasi. Hesabu haikuwa na mdudu wala kiangazi. Sisemi kilimo hakilipi. Nasema gunia moja halina deni lako.

Gunia lenyewe halina siri. Kibera yalienea sana baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, chakula kilipopanda bei. Unajaza udongo na samadi, katikati unasimamisha nguzo ya mawe madogo ili maji yafike chini, kisha unatoboa matundu ubavuni na kuchomeka miche. Nafasi ya beseni la nguo inakupa mboga ya familia ndogo.

Masika, Machi hadi Mei, kila kitu kinaota na unajiona mtaalamu. Usidanganyike, ni mvua hiyo.

Julai ndiyo mwalimu. Jua la Nairobi linapotea siku kadhaa, na dhania uliyozoea kuiona ikitokeza baada ya wiki 2 inakawia hadi unaanza kuchokora udongo ujue kama mbegu ziko hai. Usichokore. Zinangoja joto. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na kila shangazi ameniambia nimechelewa. Kukaa karibu na kitu ambacho kuchelewa kwake ni hali ya hewa tu, manze, kumenituliza kuliko ushauri wote niliopewa.

Januari na Februari ni kazi. Jua linachoma, na vidukari wanajazana chini ya majani ya sukuma. Mama mboga wa mtaa wetu hunyunyiza jivu asubuhi majani yakiwa na umande. Mimi napangusa kwa maji yenye sabuni kidogo. Maji ya kuoshea mchele hayamwagwi tena, yanaenda kwa gunia. Msimu huo ndio utaelewa kwa nini fungu la sukuma linakonda na bei inabaki ileile. Hutambana mama wa watu akuongezee majani mawili.

Kinachoniudhi ni hizi ploti zetu. Paa la ghorofa lina tangi na kamba za nguo, nafasi iliyobaki inachomwa na jua bure, lakini ukipandisha gunia mwangalizi anakuamuru ulitoe kabla ya jioni. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kukuza kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hivyo kulima jijini si uhalifu. Ila juu ya paa, neno la mwisho ni la landilodi.

Na tuwe wakweli, hofu yake ina msingi. Gunia lililolowa ni zito kweli, na maji yake yanaweza kumvujia mpangaji wa chini. Hayo yanazungumzika. Magunia yakae machache, yapangwe kandokando pale penye ukuta wa kubeba uzito wala si katikati ya slabu, kila moja liwe na beseni chini, na atakayehama aondoke na udongo wake. Mpangaji mmoja akienda kuomba hivyo atafukuzwa mlangoni. Wakienda wapangaji wanane, wote wanaolipa kodi kwa wakati, atasikiza.

Vuli huanza Oktoba, na miche inataka kuwa tayari kabla ya hapo. Hayo mazungumzo na landilodi ni ya Agosti.