Chujio la Tangi la Samaki



Tangi dogo la kioo lenye samaki wanne watano ni pambo ambalo vijana wa Kibaha na Kisarawe hutuuliza habari zake, nasi hatuna la kuwakataza. Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, alikuwa na kidege chake, naye Mtume (S.A.W.) akimtania kwa kumwuliza habari za kidege hicho. Wanazuoni walichukua hapo ruhusa ya kufuga, kwa sharti kiumbe kisiteswe. Lakini samaki hateswi kwa njaa tu. Wengi hufa kwa kuoshewa mno.

Chuoni twafundisha kuyatambua maji yaliyobadilika kwa rangi, ladha na harufu. Kanuni hiyo yatosha kwa udhu, walakini haimtoshi samaki. Uchafu wake na chakula kilichooza hutoa sumu iitwayo amonia, na maji yenye sumu hiyo huweza kuwa maangavu kabisa. Basi kazi kubwa ya chujio si kunasa taka, bali ni kuwapa makao bakteria, vijidudu wasioonekana kwa macho. Hao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wenziwao huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni haba maji yakibadilishwa. Hukaa katika sponji na vijiwe, nao huchukua kama wiki nne hata sita kuenea. Muda huo samaki wawe wachache, na chakula kiwe kidogo.

Sasa mtazameni mtu wa nyumbani mwenye bidii ya usafi. Akiona sponji imekuwa ya kahawia huitoa, akaisugua kwa sabuni, akaisuuza bombani. Maji ya mto Ruvu yasafishwayo Mlandizi hutiwa klorini ili sisi tusiugue, na dawa hiyo haimchagui kijidudu mwema na mbaya. Chujio limekufa. Baada ya siku chache samaki waelea, na lawama humwendea muuzaji! Sponji ikamuliwe katika ndoo ya maji yaliyotoka tangini mle mle, yatosha. Na maji mapya, kama robo ya tangi kwa wiki, yalazwe katika ndoo wazi usiku na mchana kwanza.

Asiye na fedha ya chujio la dukani, ila ana pampu ndogo ya hewa, atengeneze la chupa ya plastiki. Atoboe matundu mengi karibu na shingo, atie vijiwe chini na sponji mpya isiyopata sabuni juu yake, kisha asimamishe bomba jembamba lifike chini kabisa. Mpira wa hewa uingie ndani ya bomba hilo. Mapovu yakipanda huyavuta maji, na maji mengine huingia kwa matundu yakipita katika sponji. Pampu yenyewe iwekwe juu kuliko maji ya tangi; umeme ukikatika, maji hurudi kwa mpira yakaiharibu.

Na nguvu ya pampu iwe kwa kadiri ya samaki. Katika madimbwi ya Soga, Kibaha, wako samaki wadogo ambao wataalamu waliwapa jina la Nothobranchius foerschi mwaka 1979. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai yakabaki matopeni yakingoja mvua. Samaki wa maji yaliyotulia namna hiyo hutaabika kwa mkondo mkali, basi mpira ubanwe kidogo.

Umeme ukikawia kurudi, tusiwape chakula. Tuchote maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, mara kwa mara, ili yapate hewa. Kazi hiyo wapewe watoto kwa zamu.