Kabla ya 'Anguka Nayo' kulikuwa na Kamaru

Kama ulikuwa barabarani Nairobi Juni 2024, au uliishia kutazama kwa simu, unaijua 'Anguka Nayo'. Ngoma ya Wadagliz ilikuwa ya kudansi tu, haikutungwa kupinga ushuru. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha ndio walioichukua wakaandamana nayo. Hakuna aliyeomba redio ruhusa.

Sasa rudi nyuma. Machi 1975, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa. Joseph Kamaru akatoa wimbo wa Kikikuyu kumwomboleza. Redio nchini ilikuwa moja, Sauti ya Kenya, mali ya serikali, na wimbo huo ulipigwa marufuku hewani. Umezimwa? Wapi! Santuri ni kitu cha kushikwa mkononi. Waweza kukizuia studio, lakini si ndani ya kila nyumba iliyo na gramafoni.

Hapo utaelewa kwa nini D.O. Misiani alikamatwa mara kadhaa kwa mafumbo aliyoimba kwa Kijaluo. Benga, ambayo pengine unaiona ni ya wazee, ni gitaa linaloigiza nyatiti, na ilifika mbali kuliko gengetone: Zimbabwe waliipenda hadi wakaiita 'kanindo', jina la Oluoch Kanindo, promota aliyezisambaza santuri hizo.

Miaka ya tisini redio za kibinafsi zikaja, Kalamashaka wa Dandora wakachana kwa Sheng, na mwaka wa 2001 Eric Wainaina akaanika hongo katika 'Nchi ya Kitu Kidogo'. Kisha 2002 ikaja 'Unbwogable' ya Gidi Gidi Maji Maji. Ulikuwa wimbo wa vijana waliochoka kutishwa na maisha. NARC ikaupandisha jukwaani, ikashinda uchaguzi nao.

Mimi hapo ndipo naona mtego. Zamani mwanasiasa aliuogopa wimbo akaufungia. Siku hizi anausubiri upate umaarufu, halafu anaudansia mbele ya kamera. 2027 si mbali, na ngoma unazozipenda zitatafutwa. Msanii akilipwa vizuri, sawa, ni kazi yake. Lakini wewe sikiliza nani anaziimba na ni beti zipi zimerukwa.

Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Kamaru alifariki 2018, na mjukuu wake, Joseph Kamaru pia, anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake mtandaoni. Anaweza kwa sababu zilirekodiwa kwenye kitu kilichodumu. Nyimbo zilizotungwa mtaani Juni 2024, zile za sekunde 30 zisizo na jina la mtunzi, ziko wapi? Nyingine ziko kwenye akaunti zilizofungwa. Nyingine zilikuwa kwa ile simu yako iliyoibwa stejini.