Waja Leo, Waondoka Leo, Bili ya Maji Wamwachia Nani?

Haya wadau, ubuyu wa Usagara ushawafikia wengi vipande vipande, basi leo usemwe wote. Kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, kila shughuli hapa Tanga lazima nyimbo zake zipigwe, kahama nyumba ya watu kimya kimya. Kirikuu ilipakia saa tano usiku: sofa zile zile za kwenye picha, friji, kapeti, mpaka maua ya plastiki. Kilichobaki ni mita ya maji pale getini na bili ya miezi saba, shilingi 214,000.

Mashabiki wameigeuza sifa. Eti mjini akili, eti kaipiga idara ya maji. Kaipiga wapi? Akaunti ya maji ina jina la mwenye nyumba, na deni linakaa na mita, halipandi kirikuu. Aliyehamia baada yake ni mama muuza vitumbua mwenye watoto watatu. Kalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, siku ya nne mafundi hao, wamekuja kukata. Utamwambia nini fundi? Yeye kashika karatasi yenye namba ya mita, staa hamjui na wala hamtafuti. Sasa mama wa watu anaamka saa tisa usiku kubeba madumu kwa jirani, tena kwa kununua, maana mchele wa vitumbua hauloweki kwa mate. Huyo ndiye aliyepigwa.

Kwenye umeme mchezo huu umekuwa mgumu, LUKU unalipa kwanza ndiyo taa iwake. Maji kwenye nyumba nyingi unatumia kwanza, bili inakuja mwisho wa mwezi, na mwanya uko hapo. Uswahilini ndiyo balaa zaidi. Nenda Ngamiani au Makorora, nyumba ya vyumba sita ina mita moja, mmoja akihama bila kutoa mchango wake wale watano wanagawana deni lake. Ila huko angalau mtu akitoroka anasutwa mpaka anarudi kulipa. Staa nani amsute? Watu wanampigia makofi!

Wapo wanaomtetea kwamba mwenye nyumba naye kamla kodi ya jengo. Hoja ina ukweli, isipuuzwe. Tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kodi ni ya mwenye jengo, anayekatwa ni mpangaji aliyenunua umeme. Haya, tupige hesabu basi. Staa kakaa pale mwaka na nusu, miezi 18 kwa 1,500 ni 27,000. Mtolee yote kwenye 214,000, bado anadaiwa 187,000. Hiyo nyingine ni kodi ya jengo gani?

Na maji ya Tanga hayaji kwa baraka za mvua peke yake. Yanatoka Mto Zigi, bwawa la Mabayani, yanasukumwa na mashine, yanasafishwa. Mwaka 2024 Tanga UWASA waliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Ile siyo zawadi, ni mkopo, na walionunua wanataka chao. Pesa ya kuwalipa inatoka kwenye bili hizi hizi. Staa akikwepa, hasara anabeba anayelipa kila mwezi bila kelele.

Mwenye nyumba naye asijifiche nyuma ya pazia. Akaunti yake, jina lake, na miezi saba yote alikaa kimya kwa sababu kodi ilikuwa inaingia. Leo anamwambia mama wa vitumbua, "nenda kamalizane nao." Amalizane nao kwa deni la nani? Kulipokea kodi alikuwa mwepesi, basi alipe yeye maji yarudi, halafu amfuate staa wake huko aliko. Na siku nyingine kabla funguo haijabadilisha mkono, wasimame wote watatu getini, anayetoka, anayeingia na mwenye nyumba, wasome mita, wapige picha, anayetoka alipe mpaka namba ile. Ni kazi ya dakika tano, dalali mwenyewe anachukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Staa yuko Dar, juzi kaposti yumo kwenye bwawa la kuogelea, maji mpaka kifuani. Kurudi Tanga si lazima. Namba ya malipo imeandikwa kwenye ile bili iliyochomekwa getini, na simu yake ina laini mbili.